Barua ya wazi kwa nyie mnaopanga fasihi ya shuleni: acheni kutuuliza kama mhusika anafaa kuigwa

Shikamooni wakubwa zetu.

Naandika hii kwa nyie mnaokaa mkachagua riwaya na tamthiliya za kusomwa sekondari, kwa nyie mnaotunga maswali ya fasihi kwenye mtihani wa Kiswahili, na kwa wakuu wa shule wa hapa Mwanza, wa mjini na wa visiwani pia. Sitaji ofisi wala jina la mtu, mnajijua, na sijaja kumchongea mtu hapa. Mi sio mwalimu. Nina stationari ndogo Buhongwa, mashine mbili za kopi na printa moja ya rangi inayokula wino balaa, na kwa kazi hii najua madenti wanasoma nini kuliko hata wazazi wao maana kila wanachosoma kinapita kwenye kioo cha mashine yangu kwanza.

Ombi langu kubwa ni moja, mengine nitayadokeza huko mbele. Ondoeni kile kisentensi cha "anafaa kuigwa na jamii". Kiondoeni kwenye vitabu vya uchambuzi, kwenye noti za ubaoni, na hasa kwenye miongozo ya kusahihishia, maana kikitoka huko kwenye kusahihisha basi kwingine kote kitajifia chenyewe.

Kama kuna ambae ametoka shule siku nyingi hajui naongelea nini ngoja nimuoneshe. Dogo anakuja na flashi au ananitumia PDF kwenye WhatsApp, anasema anko nitolee uchambuzi wa Takadini. Nafungua, ni kurasa chache tu za A4, herufi ndogo. Dhamira zimepangwa, ujumbe umepangwa, mbinu za kisanaa zipo na tamathali za semi zipo, halafu inakuja sehemu ya wahusika. Takadini, mhusika mkuu, ana ulemavu wa ngozi, mvumilivu, ana bidii, anafaa kuigwa na jamii. Sekai, mama yake Takadini, jasiri, ana mapenzi ya dhati kwa mwanae, anafaa kuigwa na jamii. Unashuka hivo hivo mpaka chini, huyu anafaa, huyu hafai, utadhani daftari la mahudhurio. Kitabu chenyewe dogo hana na hajawahi kukishika, na ukimuuliza anashangaa kwani kuna haja gani wakati maswali yote yanajibika humu humu.

Sasa wakubwa hebu kaeni na hiyo ya Takadini kidogo. Ni hadithi ya kule Zimbabwe ya zamani, mama kakaa kwenye ndoa miaka hana mtoto, anakuja kumpata anamzaa mwenye ualbino, na mila ya pale inasema mtoto wa hivo haishi. Mama anambeba anatoroka nae usiku. Wanafika kijiji cha watu, mzee mmoja anaitwa Chivero anawapokea, watoto wenzake wanamkwepa, na yule mzee ndo anamfundisha kupiga mbira. Hiyo ndo hadithi. Na sisi tunaisoma wapi? Tunaisoma Kanda ya Ziwa. Tunaisoma mkoa ambao kuanzia ile miaka ya 2007 na 2008 watu wenye ualbino walikuwa wanawindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani za kishirikina, mpaka watoto ikabidi wakusanywe kwenye shule za bweni wakalindwe, kama pale Mitindo, Misungwi. Kuna watu wazima leo hapa Mwanza walikulia kwenye ule uzio. Halafu mtoto wa Mwanza anapewa hadithi ya mama aliyetoroka na mwanae usiku asiuliwe, na anachoambiwa akiandike ni kwamba Takadini anafaa kuigwa. Anaigwaje? Kwani yeye alichagua? Mnataka jamii yote iige kukwepwa na watoto wenzake? Hilo jibu linapata maksi na halijasema kitu chochote.

Nilichokuwa nataka kuwasimulia hasa ni hiki. Kuna kijana mmoja wa fomu tatu, mtoto wa wavuvi, wazazi wake walikuwa wanahama mwalo mpaka mwalo wakifuata dagaa ndo wakaja kumuacha kwa shangazi yake huku mjini asome. Mpole, haongei, wenzake wanamuita "wa kisiwani" na wanamcheka anavyotamka. Siku moja kaja na vitu viwili vya kuprinti. Cha kwanza uchambuzi wa Takadini, nyeusi na nyeupe, bei ya kawaida. Cha pili picha ya Naruto ya rangi, ile ambayo Naruto bado mdogo amekaa kwenye bembea peke yake chini ya mti. Kwa asiyejua, Naruto ni katuni ya Kijapani iliyochorwa na Masashi Kishimoto, ilianza 1999, na huyo Naruto ni yatima, kijiji kizima kinamkwepa kwa sababu alipozaliwa walimfungia ndani yake zimwi la mbweha mwenye mikia tisa, yeye mwenyewe miaka yote hajui kwanini wanamchukia. Dogo alilipia ile ya rangi kwa hela ambayo najua kabisa ilikuwa ya chai. Mi huku nasubiri karatasi itoke nikamuuliza, huyu Naruto na huyu Takadini si kama mtu mmoja? Akaangalia makaratasi yote mawili akacheka kidogo, akasema, "Huyo Takadini ni wa mtihani anko."

Sijawahi kusikia mtu anaeleza tatizo la fasihi yetu kwa maneno machache hivo. Huyo ni wa mtihani.

Yaani mmeenda mkatafuta hadithi nzuri kabisa, ya mtoto anaekwepwa na wenzake, mkaiweka mbele ya mtoto anaekwepwa na wenzake, halafu katikati yao mkaweka ukuta. Ikabidi yule dogo aende kujitafuta Japani kwenye kibanda umiza cha kuonesha video kwa mia tatu. Mi sina shida na Naruto, hata mi nimemuangalia mpaka nimechelewa kufungua duka, ila inaniuma kwamba wa kwake wa karibu alikuwa nae mkononi, karatasi ya moto imetoka sasa hivi kwenye mashine, na hakumuona.

Najua kuna atakaesema mhusika wa hadithi ni wa kufundishia maadili, ndo kazi yake, mtoto aone mema na mabaya. Sawa, hiyo ipo, sikatai, bibi zetu nao walimalizia hadithi kwa kutuonya. Ila mtu ambae anajiona hayupo kwenye kundi hatafuti wa kumuiga. Anatafuta wa kumtambua. Ni vitu viwili tofauti. Anaeiga anasimama chini anaangalia juu, anaetambua anakaa pembeni ya mtu kwenye benchi moja. Mtoto mwenye kigugumizi, binti aliyeletwa mjini kufanya kazi za ndani huku anasoma jioni, kijana ambae haendi mpirani na wenzake kwa sababu anapenda kuchora, hao hawahitaji kuambiwa fulani ni mvumilivu. Wanajua uvumilivu kuliko mwandishi wa huo uchambuzi.

Na hii sio ya leo wala sio ya katuni. Kuna riwaya ya Kiingereza ya 1818, Frankenstein, aliyeiandika ni binti, Mary Shelley, alianza kuiandika akiwa hata miaka ishirini hajafika. Watu wengi wanadhani Frankenstein ni jina la lile jitu la kutisha, kumbe ni jina la aliyelitengeneza, jitu lenyewe halina jina kabisa. Linakimbiwa na kila anaeliona. Likajificha kwenye kibanda kando ya nyumba ya familia moja maskini, likawa linachungulia kwenye upenyo na kusikiliza wanavyoongea mpaka likajua lugha. Siku moja likaokota vitabu porini, kimoja kinahusu Adamu na shetani kufukuzwa, na likawa linasoma huku linajiuliza mi nafanana na nani humu. Hapo ndo nilipofunga kile kitabu nikatoka nje nikakaa kidogo. Lile jitu nalo lilikuwa linajitafuta kwenye mhusika wa kwenye kitabu! Hakuna aliyeliuliza kama Adamu anafaa kuigwa.

Turudi nyumbani sasa maana hapa ndo mnaponiudhi zaidi.

Ukishuka bandarini hapo Mwanza ukapanda meli ya Nansio, masaa machache tu uko Ukerewe, na kile kisiwa kimetoa waandishi ambao mikoa mingine ingewatungia mashindano kila mwaka. Mzee Aniceti Kitereza aliandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe, akamaliza 1945, akakaa na huo mswada miaka na miaka hakuna wa kumchapia, mwisho akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ukachapwa 1980 na Tanzania Publishing House, na 1981 mzee akafariki. Sasa msome huyo Bugonoka. Ndoa ipo, mapenzi yapo, mtoto hakuna. Ndugu wa mume wanamsimanga mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua binti yao. Na mume badala ya kuoa mwingine kama anavyoshauriwa anaanza safari ya kwenda ukweni kubembeleza, anapigwa faini ya pombe ya ndizi, anahangaika kutafuta wa kumsaidia kuitengeneza. Bugonoka na Sekai wa Takadini hawajuani, mmoja Ukerewe mwingine Zimbabwe, ila wangekutana kisimani wasingehitaji kusalimiana kwa maneno mengi. Kuna wamama wangapi hapa Mwanza wanaenda kwenye sherehe za watoto wa wenzao wakiwa na zawadi nzuri kuliko zote na wanaondoka mapema? Nimemtolea mama mmoja kopi ya kurasa za mwanzo za Bugonoka (chache tu, kitabu kizima sitoi, hiyo ni kumuibia mwandishi hata kama ameshafariki) na amerudi ananiuliza kitabu chenyewe kinauzwa wapi. Nikakosa cha kumjibu. Mwandishi wa kisiwa ambacho meli yake naisikia ikipiga honi nikiwa mjini, sijui kitabu chake kinauzwa duka gani la Mwanza.

Halafu Euphrase Kezilahabi, nae ni wa huko huko Ukerewe, kazaliwa Namagondo 1944. Rosa Mistika ilitoka 1971 na kwa muda ikapigwa marufuku mashuleni. Mi naelewa walioogopa, ina mambo mazito. Ila Rosa ni binti aliyelelewa na baba mlevi na mkali, amefungiwa asijue chochote kuhusu wanaume, halafu akatupwa duniani hivo hivo. Kwenye karatasi za uchambuzi zinazopita kwangu Rosa ni malaya na hafai kuigwa, kwisha. Dada yangu anauza dagaa Kirumba Mwaloni, alikisoma kile kitabu akiwa amekifunika gazeti, na nilipomsomea hiyo "hafai kuigwa" alikasirika kabisa. Akasema nani kamwambia nilikuwa nataka kumuiga, nilikuwa nataka kujua kama kuna mwingine. Akarudi kwenye ndoo zake.

Na Kazimoto wa kwenye Kichwamaji, 1974, mwanafunzi wa chuo kikuu anarudi likizo Ukerewe anakuta nyumbani sio nyumbani tena, wazee hawamuelewi na yeye hawaelewi, vijana nao wapo kivyao. Hapo Nyegezi na Malimbe kuna akina Kazimoto wamejaa, nawaona wanapokuja kutoa ripoti za fildi, mtu ni wa kwanza kwenye ukoo wao kufika chuo na likizo ikifika hataki kupanda basi. Mwisho wa Rosa na wa Kazimoto ni mbaya, wote wawili wanajiua, na mi nadhani hiyo ndo sababu kubwa kabisa ya kutokumuachia mtoto hizo hadithi kwenye PDF. Kijana aliyejiona kwa Kazimoto anahitaji mwalimu wa kukaa nae wakaongea kurasa zile za mwisho, kwamba Kazimoto aliona hana pa kwenda ila wewe unapo, na wa kumfuata ni huyu na huyu. Ukimpa "hafai kuigwa" umemfungia mlango na yeye yuko nje.

Hata hadithi zetu za Kisukuma zinajua hili kuliko mitihani. Masala Kulangwa, nadhani kila aliyekulia huku kasimuliwa. Zimwi Shing'weng'we likameza watu wote na mifugo, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha, akamzaa Masala Kulangwa, kijana akakua hana baba hana rika, dunia nzima ni yeye na mama yake, akalitafuta lile zimwi akaliua akalipasua watu wakatoka. Shujaa, anafaa kuigwa, maksi zote. Lakini wakati anapasua kisu kikamkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Wenzake wote wanacheza ngoma wanashangilia, bibi kashika sikio lake amekasirika anataka kulipiza. Mi tangu mdogo mtu wangu ni yule bibi. Wote wameokolewa na ye kaokolewa ila yeye kuokolewa kwenyewe kumemuuma, na akisema anaonekana hana shukrani. Na hii ni Usukuma jamani, ambako vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni, wakaitwa wachawi. Mtoto akiniambia anamuelewa yule bibi nitamsikiliza kuliko yule anaeniorodheshea sifa za Masala Kulangwa.

Najua mtanijibu nini. Mtihani wa taifa unasahihishwa maelfu kwa maelfu, wasahihishaji ni wengi, lazima kuwe na majibu yanayolingana la sivyo mmoja atapewa nane mwingine atapewa mbili kwa jibu lile lile. Hilo ni la kweli na silidharau. Ila si lazima tuanzie huko. Anzieni na mitihani ya ndani, mwisho wa muhula, au mock ya mkoa. Wekeni swali moja tu la hivi: chagua mhusika mmoja ambae wenzake hawakumuelewa, eleza wewe unamuelewaje, na onesha ni wapi kwenye kitabu umepata hayo. Hicho kipande cha mwisho ndo kinasahihishika. Aliyesoma kitabu atakuonesha ni wapi, aliyesoma karatasi zangu hatoweza. Na mi biashara yangu itapungua, naliona hilo, nitauza madaftari.

Mkitaka kuchagua vitabu vipya mara nyingine, angalieni ziwani kwanza kabla hamjaangalia mbali. Sisemi muondoe vya wengine. Nasema tu mtoto wa Ukara au wa Kome akifungua kitabu cha fasihi akute mtumbwi, akute dagaa zimeanikwa, akute mtu anaevuka maji kwenda ukweni, hata kama mhusika mwenyewe ana shida zake lukuki. Hasa kama ana shida zake lukuki. Bugonoka achapwe tena, kwa bei ya mzazi wa kawaida, hata kama ni sehemu ya kwanza peke yake maana najua kile kitabu ni kinene.

Kwa wakuu wa shule sasa, hili halihitaji mtaala mpya wala bajeti. Kuna shule moja, siitaji, vijana wake wanaishi kwenye kibaraza changu, ina kabati la chuma lina nakala halisi za riwaya, nimeambiwa na zaidi ya mwanafunzi mmoja, wanaziona migongo kupitia kwenye kioo. Limefungwa. Ukiuliza unaambiwa vitabu vitachanika, au vitaibiwa, au ufunguo anao mwalimu ambae kahamishwa. Wakubwa, kitabu kikichanika kimesomwa. Wapeni kipindi kimoja kwa wiki, mwalimu asome kwa sauti kurasa kadhaa za Takadini, asiulize dhamira, asiulize fani, aulize tu jamani nani hapa amewahi kukaa kwenye bembea peke yake, halafu asilazimishe mtu kujibu.

Na kama shida kweli ni ufunguo, pale Makoroboi mafundi kufuli wapo mpaka Jumapili, anafungua na kukuchongea mwingine hapo hapo. Akikosa nauli ya kuja shuleni kwenu aniambie, pikipiki nitamlipia mimi.